Taa inayogandisha jeli: Ipi ni tiba tayari, ipi bado ni ahadi?

Ikiwa umewahi kuzibwa jino katika kliniki yoyote iliyo katikati ya jiji la Nairobi, tuseme kwenye ghorofa mojawapo ya barabara ya Moi au ya Tom Mboya, bila shaka unaikumbuka ile taa ya buluu. Daktari hujaza dawa laini, mfano wa unga uliokandwa, ndani ya shimo la jino, akakinga macho kwa kioo cha rangi ya machungwa, kisha akaielekeza ncha ya taa mahali hapo. Sekunde 20 hivi zikipita, ile dawa huwa ngumu kiasi cha kutafunia mahindi ya kuchoma.

Wagonjwa wengi hudhani kwamba taa hiyo huikausha dawa kwa joto, kama jua linavyokausha tofali. Sivyo. Kazi hiyo hufanywa na mwanga wenyewe. Ndani ya dawa mna kemikali iitwayo kamforakwinoni. Mwanga wa buluu unapoipiga, kemikali hiyo huamsha vipande vidogo vidogo vya dawa, navyo hushikana kimoja baada ya kingine hadi vikawa wavu mmoja usiolegea.

Ujuzi uo huo umewafanya wanasayansi wajiulize swali kubwa zaidi. Ikiwa mwanga unaweza kugandisha dawa mdomoni bila kumchoma mgonjwa, je, hauwezi kugandisha jeli yenye maji mengi, na ndani ya jeli hiyo zikawemo chembechembe hai, yaani seli, zikiendelea kupumua na kufanya kazi? Seli za kujaza goti lililolika, kwa mfano, au za kutengeneza insulini katika mwili wa mgonjwa wa kisukari?

Wewe msomaji unapaswa kuijua habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, siku hizi jina la seli limekuwa chambo. Kuna wanaolitangaza kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa, na mgonjwa aliyechoka anaweza kuuza shamba ili anunue kitu ambacho bado kimo maabarani. Pili, ipo tiba moja ya mwanga, ndugu wa karibu wa hii ya jeli, inayopatikana hapa Nairobi na inayoweza kulinda macho ya kijana wako. Wengi huifikia wakiwa wamechelewa. Ni vyema basi kujua ipi ni ipi.

JELI NI NINI HASA?

Chemsha miguu ya ng'ombe kwa saa kadhaa, kama wafanyavyo wauza supu wa Kangemi na Kawangware, kisha uiache supu hiyo sufuriani usiku kucha mahali penye baridi. Asubuhi utaikuta imeganda na inatikisika. Haikuganda kwa kuwa maji yametoka, kwani maji yamo mumo humo. Kilichotokea ni kwamba jelatini, protini itokayo kwenye ngozi, kano na mifupa, imefuma wavu mwembamba sana, na maji yamenaswa katika matundu ya wavu huo.

Hiyo ndiyo hidrojeli: wavu ulioshika maji. Ule unga ulio ndani ya nepi za kisasa za watoto, unapolowa mkojo, hugeuka hidrojeli. Lenzi laini zinazovaliwa machoni badala ya miwani ni hidrojeli pia.

Lenzi hizo zina kisa chake. Mwanakemia Otto Wichterle wa mjini Prague, pamoja na mwenzake Drahoslav Lím, walitangaza jeli yao mwaka 1960 katika jarida la Nature. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1961, Wichterle alitengeneza lenzi za kwanza akiwa nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunda kutokana na vyuma vya kuchezea watoto na kuiendesha kwa dainamo ya baiskeli. Leo mamilioni ya watu duniani huvaa lenzi za namna hiyo.

Madaktari waliipenda hidrojeli kwa sababu mwili wenyewe unafanana nayo. Gegedu ya goti lako na kioo cha mbele cha jicho lako vimeumbwa kwa nyuzi zilizoshika maji, huku seli zikikaa katikati ya nyuzi hizo. Sukari, chumvi na oksijeni hupenya katika maji hayo na kuzifikia seli. Kwa hivyo, seli ikiwekwa katika jeli iliyotengenezwa vizuri, inaweza kujiona kama iko nyumbani.

Jeli zenyewe ni nyingi. Ipo alginati, inayotolewa kwenye mwani wa rangi ya kahawia na kugandishwa kwa madini ya kalsiamu bila mwanga wowote. Hii usiichanganye na karajini, ambayo hutokana na mwani unaokuzwa Zanzibar na katika pwani ya Kwale, na ambayo hutiwa katika dawa za kusugulia meno na vyakula vingi vya viwandani. Zipo pia jeli za kutengenezwa kiwandani, na zipo za jelatini, ile ile ya supu ya miguu, iliyorekebishwa kidogo.

KWA NINI SELI ZIFUNGWE?

Chukua mfano wa ugonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ambao aghalabu huwapata watoto na vijana. Ndani ya kongosho mna mafungu madogo ya seli zinazotengeneza insulini. Kwa mgonjwa wa aina hii, askari wa kinga ya mwili hukosea adui. Huzigeukia seli hizo na kuziua. Tangu mwaka 1922, wakati mvulana wa miaka 14 mjini Toronto, Kanada, alipodungwa insulini, maisha ya wagonjwa hawa yametegemea sindano.

Unaweza kuuliza: kwa nini wasipewe seli nyingine? Jambo hilo linawezekana, na limefanywa. Taabu ni kwamba kinga ya mwili huzishambulia seli za mtu mwingine kama inavyoshambulia viini vya ugonjwa. Ili zisiuawe, mgonjwa hulazimika kumeza dawa za kudhoofisha kinga, na dawa hizo humwacha wazi kwa maambukizi ya kila namna.

Ndipo likazuka wazo la ua. Fikiria duka la mtaani lenye vyuma dirishani. Pesa hupita kati ya vyuma, unga na sukari hupita, lakini mwizi hapiti. Wanasayansi walitaka kuizungushia seli ua wa namna hiyo: matundu yaruhusu sukari na oksijeni kuingia na insulini kutoka, lakini yawe madogo mno kwa askari wa kinga kupenya.

Thomas Chang wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alieleza kuhusu vifuko vidogo vya namna hiyo mwaka 1964. Mwaka 1980, Franklin Lim na Anthony Sun walizifunga seli za kongosho ndani ya alginati na kuziweka katika panya wenye kisukari. Sukari ya panya hao ilirudi hali ya kawaida kwa wiki mbili hadi tatu. Muda huo ni mfupi, lakini ulitosha kuonyesha kwamba wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi.

Mfano wa pili ni goti. Gegedu, ile tabaka nyeupe na laini inayozuia mifupa kusagana, haina mishipa ya damu. Ikichimbika kwa ajali ya mpira au ya bodaboda, haijiponyi kama ngozi. Shimo lake huwa na umbo lisilo la kawaida, na ni vigumu kukata kiraka kinacholitosha. Lakini maji hulitosha shimo lolote. Ukiweza kumimina jeli ikiwa maji, ikajaa kila pembe, kisha ukaigandisha papo hapo, utakuwa umepata kiraka kisichohitaji kukatwa. Hapa ndipo taa inapoingia.

JINSI MWANGA UNAVYOGANDISHA

Kugandisha kwa mwanga kunahitaji vitu vitatu: maji yenye nyuzi fupi zinazoweza kushikana, kichocheo kinachoamshwa na mwanga, na taa yenyewe. Kabla ya kuwashwa taa, mchanganyiko ni majimaji, na seli zinaweza kukorogwa ndani yake. Taa ikiwashwa, kichocheo hupasuka na kutoa vipande vyenye uchu wa kushika chochote kilicho karibu. Vipande hivyo huanza kuziunganisha nyuzi. Baada ya sekunde au dakika chache, wavu umekamilika na seli zimo ndani.

Kila kichocheo kina mwanga wake. Abiria wa Kangemi hapandi matatu nambari 46 ya Kawangware, husubiri yake ya 23. Vivyo hivyo, kamforakwinoni ya daktari wa meno husubiri mwanga wa buluu wa nanomita 470 hivi. Vichocheo vilivyotumiwa kwanza katika jeli za seli vilihitaji miale ya urujuanimno ya nanomita 365, iliyo jamii ya miale ya jua inayounguza ngozi. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walieleza mwaka 2009 namna ya kutumia kichocheo kinachokubali hata mwanga wa zambarau wa nanomita 405, ambao ni mpole zaidi kwa seli.

Faida kubwa ya mwanga ni kwamba daktari ndiye mwenye kuamua. Jeli haigandi hadi atakapobonyeza swichi, na hugandia pale tu mwanga ulipofika.

Kazi hii ilishika kasi katika miaka ya tisini. Mwaka 1992, Jeffrey Hubbell na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba jeli inaweza kugandishwa haraka kwa mwanga ikiwa imegusana na seli hai na nyama ya mwili. Mwaka 1999, Jennifer Elisseeff, Robert Langer na wenzao waliingiza kwa sindano mchanganyiko wenye seli za gegedu chini ya ngozi ya panya, kisha wakaumulika kutoka nje, mwanga ukapita kwenye ngozi na kuugandisha. Wiki kadhaa baadaye, seli hizo zilikuwa zimeanza kutengeneza gegedu mpya.

Mwaka 2000, wataalamu wa Ghent, Ubelgiji, wakaeleza jinsi ya kuirekebisha jelatini ili igandishwe kwa mwanga. Hapo ikumbuke tena supu yetu. Jelatini ya kawaida huyeyuka ikipata joto, kwa hivyo haiwezi kukaa mwilini ikiwa imeganda. Ile iliyorekebishwa, ikishapigwa na mwanga, haiyeyuki tena kwa joto la mwili. Leo ni miongoni mwa jeli zinazotumiwa sana katika maabara za dunia, hata katika mashine zinazochapisha vipande vya nyama hai tabaka baada ya tabaka kwa ajili ya kujaribia dawa.

MAGUMU MANNE

Ikiwa mambo ni mazuri hivyo, mbona hujaambiwa na daktari wako? Yapo magumu manne ambayo ni vyema uyajue, kwa sababu mwenye kukuuzia ndoto hatakutajia hata moja.

Gumu la kwanza ni kwamba moto unaopika chakula ndio unaoweza kukiunguza. Vile vipande vyenye uchu, ambavyo wataalamu huviita radikali huru, havichagui. Vinaweza kuishika nyuzi ya jeli, na vinaweza pia kuishika seli na kuijeruhi. Miale ya urujuanimno nayo inaweza kuharibu chembe za urithi. Kwa hivyo kichocheo kikizidi seli hufa, na kikipungua jeli haigandi.

Gumu la pili ni kina. Daktari wa meno hujaza jino kwa tabaka za milimita 2 hivi, akimulika kila moja, kwa kuwa mwanga haufiki mbali. Nyama, ngozi na damu huuzuia mwanga zaidi. Kwa hivyo usitarajie taa ya nje igandishe kitu kilicho ndani kabisa ya tumbo.

La tatu ni njaa. Katika mwili, seli nyingi hukaa karibu sana na mshipa mdogo wa damu, umbali wa sehemu ya kumi au mbili za kumi za milimita. Ukizifungia seli katikati ya bonge kubwa la jeli, zile za kando zitaishi na zile za ndani zitakosa hewa. Ua unaomzuia mwizi usipomruhusu mchuuzi kuingia, wenye nyumba watakufa njaa.

Gumu la nne ni kovu. Mwili ukikuta kitu kigeni, hata kikiwa kipole, huweza kukizungushia ukuta wa kovu. Ukuta huo ukifungika, hewa na sukari havipiti tena.

YALIYOWAFIKIA WAGONJWA

Hata hivyo, si haki kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 2000, Marekani iliidhinisha jeli ya kugandishwa kwa mwanga ya kuziba mapafu yanayovuja hewa baada ya upasuaji. Jeli hiyo haikuwa na seli, ila ilithibitisha kwamba taa na jeli vinaweza kutumika katika chumba cha upasuaji.

Mwaka 2013, Elisseeff na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio dogo la magoti. Wagonjwa 15 walijazwa jeli iliyogandishwa kwa mwanga, pamoja na upasuaji wa kawaida wa kutoboa mfupa vitundu ili damu yenye seli changa itoke, na wagonjwa 3 wakapata upasuaji huo peke yake. Waliojazwa jeli walipata gegedu iliyojaa vizuri zaidi. Lakini angalia mambo mawili. Seli zilitoka katika mfupa wa mgonjwa mwenyewe, hazikufungiwa ndani ya jeli kabla. Tena hao walikuwa watu 18 tu, idadi isiyotosha kuifanya tiba iwe ya kila mtu.

Kuhusu kufunga seli kwa njia zisizo za mwanga, mwaka 2025 ulileta habari njema na habari mbaya. Mwezi wa Machi, Marekani iliidhinisha kifaa kidogo chenye seli hai kinachopandikizwa ndani ya jicho kwa ajili ya ugonjwa mmoja wa nadra wa retina. Seli zilizo ndani yake hutoa protini ya kulinda jicho. Mwezi huo huo, kampuni ya Vertex ilitangaza kwamba haitaendelea na kifaa chake chenye seli za insulini, kwa kuwa hakikutoa insulini ya kutosha.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na jaribio jingine la seli za insulini zisizofungiwa kitu. Kati ya wagonjwa 12 waliopewa kipimo kamili, 10 hawakuhitaji sindano za insulini baada ya mwaka mmoja. Matokeo hayo yanatia moyo sana. Lakini wote walitumia dawa za kudhoofisha kinga, kwa sababu seli zao hazikuwa na ua. Yaani, seli zimepatikana ila ua wenye kufaa bado unatafutwa.

Kwa ufupi, kufungia seli ndani ya jeli kwa mwanga bado ni kazi ya maabara na majaribio. Si huduma ya kulipia kaunta, iwe Westlands au ng'ambo.

JICHO: JELI ULIYOZALIWA NAYO

Sasa tuje kwa ile tiba ya mwanga inayopatikana. Tumetaja kwamba kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, ni jeli ya asili. Zaidi ya robo tatu yake ni maji, kuna nyuzi za protini iitwayo kolajeni zilizopangwa kwa tabaka, na seli hai zimekaa katikati. Ni kama maumbile yalikwisha kufanya kile ambacho wanasayansi wanahangaika kukiiga.

Kwa vijana wengine wavu huu hulegea. Konea hukonda na kuvimba mbele mfano wa pia. Ugonjwa huu huitwa keratokonasi. Huanza mara nyingi katika umri wa kubalehe na huendelea kwa miaka. Kijana huona maandishi ya ubaoni yakiwa na kivuli, taa za magari humtawanyikia usiku, na miwani hubadilishwa kila mara bila kumfaa. Wazazi hudhani ni uvivu wa kusoma.

Mojawapo ya mambo yanayohusishwa na ugonjwa huu ni kufikicha macho. Hapa Afrika Mashariki mzio wa macho kwa watoto ni wa kawaida. Mtoto huwashwa, macho huwa mekundu au ya hudhurungi, naye hufikicha mchana kutwa kwa vifundo vya vidole. Usimwache. Kila anapofikicha kwa nguvu, anaisukuma konea ambayo pengine ni dhaifu.

Tiba inayozuia ugonjwa usiendelee ilianzia mjini Dresden, Ujerumani, katika miaka ya tisini. Daktari hudondoshea jicho matone ya vitamini B2, yaani riboflavini, kwa nusu saa hivi, kisha humulika konea kwa miale ya urujuanimno iliyopimwa, kwa nusu saa nyingine kwa njia ya awali, au muda mfupi zaidi kwa mashine za kisasa. Riboflavini hapa ndiyo kichocheo, kama kamforakwinoni ilivyo kwa jino. Nyuzi za kolajeni hushikana upya na konea hukazika.

Mwaka 2003, Gregor Wollensak, Eberhard Spoerl na Theo Seiler walitoa matokeo ya macho 23 ya wagonjwa 22. Ugonjwa ulisimama katika macho yote yaliyotibiwa. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2016.

Angalia sasa jinsi yale magumu tuliyoyataja yanavyojitokeza hata hapa. Mwanga huo huua seli nyingi za sehemu ya mbele ya konea. Kwa bahati njema, seli nyingine hurudi kuijaza sehemu hiyo katika muda wa miezi sita hivi. Lakini tabaka ya seli iliyo nyuma kabisa ya konea ikifa, haioti tena. Kwa sababu hiyo, katika tiba ya kawaida daktari hutaka konea iwe na unene wa angalau mikromita 400, yaani milimita 0.4, ili riboflavini izuie miale isifike nyuma.

Hapo ndipo kuchelewa kunapokuwa na gharama. Konea ikishakonda chini ya kipimo hicho, njia huwa nyembamba. Tiba hii husimamisha ugonjwa tu. Haimrudishii mtu kikamilifu macho aliyokwisha kuyapoteza, na wengi bado huhitaji miwani au lenzi ngumu baadaye. Aliyechelewa kabisa huenda akahitaji kubadilishiwa konea kwa upasuaji, na konea za kupandikiza hutoka kwa watu waliokubali kutoa macho yao wakifa.

Tiba hii ya mwanga hutolewa hapa Nairobi. Wakazi wa magharibi mwa jiji wana hospitali za macho karibu nao: Lions SightFirst iliyoko Loresho, na ile ya PCEA mjini Kikuyu, safari fupi kupitia barabara ya Waiyaki. Wengine wanaweza kuanzia kliniki ya macho ya hospitali iliyo karibu ili waelekezwe. Ukifika, sema wazi: “Nataka kijana huyu apimwe umbo na unene wa konea.” Kupima herufi za ukutani peke yake hakutoshi. Uliza bei kabla, na uliza kama bima yako inalipia. Ikiwa mtoto anawashwa, omba dawa ya mzio. Usimnunulie matone ya kiholela dukani, kwani baadhi yana steroidi ambazo zikitumiwa ovyo huleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

MASWALI YA KUMUULIZA ANAYEKUUZIA SELI

Turudi kwa wale wenye chambo. Mtu akikuambia kwamba ana seli za kuponya goti, kisukari, kiharusi na uzee kwa wakati mmoja, muulize yafuatayo:

Moja, seli hizi zimetoka wapi: kwangu, kwa mtu mwingine, au kwa mnyama?

Mbili, zitazuiwaje zisishambuliwe na kinga ya mwili wangu? Akisema hazihitaji kitu chochote, mtake aeleze kwa nini.

Tatu, je, hii ni tiba iliyoidhinishwa au ni jaribio? Majaribio ya dawa kwa binadamu nchini Kenya yanahitaji kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, iliyo katika barabara ya Lenana, pamoja na kibali cha kamati ya maadili. Utafiti nao hupewa leseni na NACOSTI, iliyoko Upper Kabete. Omba uonyeshwe vibali na usome jina la utafiti wenyewe.

Nne, kwa nini nilipe? Katika jaribio halali, kwa kawaida mgonjwa haombwi maelfu ya pesa ili ajaribiwe dawa. Hupewa maelezo kwa maandishi na anaweza kujitoa wakati wowote.

Tano, wewe ni daktari wa nini? Jina lake linapaswa kuwemo katika sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na kliniki yake iwe na leseni ya mwaka huu.

Akikasirika kwa kuulizwa, amekwisha kukujibu.

Jambo la mwisho ni kwa wenye kisukari na wazazi wao. Habari za seli zisikufanye uache insulini hata siku moja. Waliopona haja ya sindano katika majaribio hawakuiacha kwa kuambiwa na jirani. Waliangaliwa na madaktari, damu yao ikapimwa mara kwa mara, na insulini ikapunguzwa hatua kwa hatua. Weka insulini yako mahali pa baridi pasipogandisha, pima sukari kama ulivyoelekezwa, na uhudhurie kliniki. Na ikiwa nyumbani kwako yuko kijana anayefikicha macho na kubadilisha miwani kila mwaka, usingoje shule zifungwe. Mpeleke wiki hii.